Kabla ya kununua kadi ya michoro, soma stika ya pawasaplai



Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti humfundisha mtu kutoridhika na maneno matupu. Hapa kwetu feni moja ya ukumbini hainunuliwi bila ankara kifani tatu kutoka maduka matatu, na pampu ya kisima ilipoharibika mwaka jana tulibishana vikao viwili juu ya nguvu ya mota kabla ya shilingi moja kutoka. Sisi ndio tunaoandika mihutasari ya vikao hivyo, na sisi ndio tunaowakumbusha wajumbe kwamba mali ya waqfu haichezewi. Kwa hiyo tunaona haya kukiri mbele yenu kwamba mali ya nyumbani kwetu tuliichezea. Tulimpa kijana wetu shilingi laki moja na ishirini elfu za kununulia kifaa tusichokijua, kwa sababu moja tu: tulichoka kuombwa.

Kijana huyo ni mpwa wetu, mtoto wa dada, ambaye anaishi nasi tangu alipomaliza kidato cha nne. Yeye alikuwa na akiba yake mwenyewe ya laki moja na themanini elfu, aliyoichuma kwa kuwachapia majirani barua na wasifu wa kuombea kazi. Kompyuta aliyochapia ni ya familia, Dell OptiPlex 9020, miongoni mwa zile kompyuta za ofisi ambazo huko Ulaya na Marekani zikishastaafishwa hupakiwa kwenye makontena na kuishia katika masoko yetu. Ni mashine imara. Ilianza kuuzwa mwaka 2013, na hii ya kwetu ina prosesa ya Intel Core i5-4570 na kasha la kusimama, lile pana. Tuliinunua kwa ajili ya masomo ya watoto, na kwa masomo haikutuangusha.

Lakini kijana alitaka pia kucheza mpira humo. Alitaka FIFA 23, mchezo uliotoka mwaka 2022, na mashine ilikuwa ikiuburuza kama mkokoteni kwenye mchanga. Kila aliporudi kutoka kwa rafiki yake mwenye mashine bora alikuja na sentensi ile ile: “Mjomba, inahitaji kadi ya michoro tu.”

Ni haki mzazi aelewe kwanza kadi hiyo ni nini, maana sisi hatukujua na wala hatukuuliza. Kioo cha kompyuta cha kawaida siku hizi kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Mchezo ukitakiwa uende laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde. Zidisha, utapata nukta zaidi ya milioni 124 ambazo rangi yake lazima ikokotolewe katika sekunde moja. Sasa mfikirieni mpishi mkuu wa walima. Yeye ni bingwa, lakini mkimpa peke yake gunia zima la mchele alichague mawe, harusi itaisha hajamaliza. Kazi ile hupewa kina mama thelathini walioketi na sinia zao, kila mmoja na fungu lake, na hakuna hata mmoja anayehitaji kuwa bingwa wa pilau. Prosesa ya kompyuta yetu ndiyo mpishi, nayo ina viini vinne tu. Kadi ya michoro ni ule mkusanyiko wa kina mama: kadi ya daraja la kawaida kama GTX 1050 Ti ina viini vidogo 768, kila kimoja kikifanya hesabu nyepesi, vyote kwa pamoja. Mashine za ofisi kama yetu zina kipande kidogo cha michoro ndani ya prosesa yenyewe, kinachoazima ramu ya kompyuta kwa sababu hakina yake. Chatosha kwa barua na video. Kwa mchezo wa mpira wenye majani, majezi na mashabiki elfu kumi jukwaani, hakitoshi.

Kijana, basi, hakuwa akidai jambo la upuuzi. Kampuni iliyotengeneza mchezo ilitaja wazi kwamba kiwango cha chini cha kadi ni GTX 1050 Ti, au Radeon RX 570 kwa upande wa AMD, pamoja na ramu ya GB 8. Lau tungesoma hilo siku ya kwanza, tungekuwa na mahali pa kuanzia. Badala yake tulimuuliza swali moja tu, bei gani, na alipotaja laki tatu tukakamilisha pungufu na kurudi kwenye magazeti yetu.

Alikwenda mjini peke yake. Akarudi na kadi kubwa nyeusi yenye feni mbili, Radeon RX 580 ya GB 8, iliyokwisha kutumika. Muuzaji alimwambia kwamba itafanya kazi kwenye kompyuta yoyote yenye tundu refu la PCI Express, na kwamba mali ikishatoka dukani hairudi. Kwenye ubavu wa kadi palikuwa na soketi ya umeme ya pini nane. Ndani ya kompyuta yetu hakuna waya wenye plagi ya namna hiyo. Muuzaji akalitatua hilo papo hapo: akamuuzia adapta ya elfu kumi na tano, upande mmoja pini nane, upande wa pili plagi bapa mbili za SATA, zile zinazolisha diski. Laki tatu ikaisha yote.

Kwa siku tatu nyumba ilikuwa kimya. Tulidhani ni ukimya wa mtu aliyeridhika.

Usiku wa nne, baada ya Isha, mama watoto alituita kutoka sebuleni: “Baba fulani, hamsikii harufu?” Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua. Tulimkuta kijana amekaa mbele ya kompyuta iliyozimika, mikono mapajani. Wadogo walikuwa wamelala chumba cha pili. Tuliuchomoa waya ukutani kwanza, kisha ndipo tukauliza.

Alijibu bila kuinua macho. Kompyuta ilikuwa ikiwaka vizuri na menyu ya mchezo ikionekana, lakini mechi ikianza tu, inazima na kujiwasha upya. Ilifanya hivyo tangu siku ya kwanza. Tukamuuliza kwa nini hakusema. “Mjomba, ile laki na ishirini ilikuwa yako. Niliogopa utaona nimeitupa.”

Maneno hayo yametukaa moyoni kuliko harufu ile. Tulikuwa tumempa fedha kwa namna iliyomfanya aone bora ahatarishe nyumba kuliko kuja kutuambia kwamba kifaa hakifanyi kazi. Hatukumkaripia. Tuliangalia saa, tukaona usiku mkubwa, tukalala. Lakini waya wa ukutani tulilala nao chumbani kwetu.

Jumamosi asubuhi tulifungua kasha pamoja, sisi na yeye, sakafuni juu ya mkeka, na nusu nzima ya siku ikaenda. Tunakusimulieni tulichokiona kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha za wazazi wengi zinapopotelea.

Jambo la kwanza ni sanduku la bati lililo pembeni ndani ya kasha, ambapo waya wa ukutani huingia. Mafundi huliita pawasaplai. Ubavuni lina stika, na juu ya stika ile pameandikwa wati ngapi linaweza kutoa. La kwetu liliandikwa 290. Kijana hakuwahi kuisoma. Sisi hatukujua kwamba ipo. Tulichukua daftari. Prosesa yetu, kwa maelezo ya Intel, imekadiriwa wati 84. Kadi ya RX 580 imekadiriwa na AMD wati 185. Jumla ni 269, na hapo hatujahesabu ubao mama, diski, ramu na feni, ambazo kwa makisio ya haraka hazikosi kufika wati 40. Tayari tumeipita 290. Mechi ikianza, kadi hudai haki yake yote kwa mkupuo, pawasaplai inaelemewa na kujizima ili isiungue. Kumbe kule kuzima kulikuwa kinga. AMD wenyewe hupendekeza pawasaplai ya wati 500 kwa kadi hiyo.

Jambo la pili ni ile adapta, nayo ndiyo iliyotutoa jasho. Tundu refu la kwenye ubao mama linaruhusiwa kuipa kadi wati 75 na si zaidi. Kadi inayohitaji zaidi hupata nyongeza kwa waya: plagi ya pini sita imewekewa kipimo cha wati 75, na ya pini nane wati 150. Sasa plagi ya SATA, ambayo iliundwa kwa ajili ya diski, inabeba umeme wa volti 12 kwa pini tatu nyembamba, ampea moja na nusu kila pini. Hesabu ni ya darasa la saba: ampea nne na nusu mara volti 12 ni wati 54. Plagi mbili ni 108, tena zikiwa mpya na zimekaza barabara. Lakini yule anayevuta upande wa pili huona pini nane na kudhani ameruhusiwa 150. Plagi moja ya ile adapta ilikuwa imelainika kama nta, na pini yake moja imekuwa nyeusi. Adapta za aina hii zinauzwa hadharani, na bado tunastaajabu kwamba mtu anaweza kuipokea elfu kumi na tano ya mtoto wa watu kwa kitu kama hicho na kulala usingizi.

Basi kanuni tuliyoiandika kwenye daftari ni hii: ikiwa pawasaplai yako haina plagi ya pini sita au nane iliyotoka nayo kiwandani, ichukulie kuwa ni taarifa. Mtengenezaji amekwambia kwamba hakuiandaa kwa kadi kubwa. Usimjibu kwa adapta.

Kadi yenyewe nayo ilikuwa na historia. RX 580 ilitoka mwaka 2017, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kipenzi cha wachimbaji wa sarafu za kidijitali, ambao walizifunga kadi kwa makumi na kuzikimbiza usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadili utaratibu wake na uchimbaji wa kutumia kadi ukakoma humo, na kadi zilizostaafu zikamiminika katika masoko ya mitumba ya dunia. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Ila feni zake zimezunguka sana, gundi ya kupitishia joto huwa imekauka, na baadhi yao zilibadilishwa programu yao ya ndani ili zichimbe vizuri zaidi kuliko zinavyochora. Ipo hata aina iliyouzwa sana Uchina kwa jina lile lile la RX 580, lakini ikiwa na viini 2,048 badala ya 2,304. Ya kwetu, tulipoifuta vumbi, ilikuwa ya viini kamili. Alhamdulillah kwa hilo.

Njia zilikuwa mbili. Tungeweza kununua pawasaplai kubwa ili kuilisha kadi. Hapa OptiPlex 9020 ina mtego wake: ubao mama wake hautumii plagi kuu ya pini 24 iliyozoeleka, bali plagi ya Dell ya pini nane, kwa hiyo pawasaplai ya kawaida inahitaji adapta nyingine tena. Adapta hiyo ni ya namna tofauti na haina ubaya wa ile ya SATA, lakini baada ya usiku ule neno adapta halikuwa na mashabiki nyumbani kwetu. Tena tulipopita madukani kuulizia, tuliletewa pawasaplai zilizoandikwa wati 500 ambazo ukizishika mkononi ni nyepesi kama boksi tupu la viatu. Sisi si mafundi, ila wati 500 hazikai katika wepesi ule. Nzuri zilikuwepo, na bei yake ilikuwa ya kadi nyingine.

Njia ya pili ilikuwa kuiuza kadi kubwa na kutafuta ndogo inayoshiba kwa zile wati 75 za ubaoni, isiyo na soketi yoyote ya umeme ubavuni. Tukaichagua hii. Sababu yetu haikuwa umeme peke yake. Mashine yenyewe ni ya zamani. Prosesa yake iko chini ya ile iliyotajwa na watengenezaji wa mchezo, na hata ukiipachika kadi ya milioni mbili, mpishi atakuwa yule yule, kina mama watakaa na sinia tupu wakimsubiri awagawie. Halafu Windows 10 imeachwa kuhudumiwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi hiki hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Kadi ndogo isiyo na masharti inaweza kuhamia kwenye mashine nyingine siku ya siku.

Kuuza kulichukua mwezi mzima, na tutaeleza sababu. Kijana alitaka kuitangaza kwa maneno ya muuzaji wa awali, “inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote”. Tulimpa kalamu ya wino mzito, tukamwambia aandike juu ya boksi anachokijua yeye mwenyewe. Akaandika: imetumika, huenda ilichimba sarafu, inataka pini nane za kweli na pawasaplai ya wati 500, kwetu haikumaliza mechi hata moja. Mama watoto alisoma akacheka, akasema kwa tangazo hilo hata wa bure hatapatikana. Wanunuzi wawili walisoma wakaondoka. Wa tatu alikuja na kompyuta yake mgongoni, akaifungua pale pale barazani, akaipachika, akaiendesha saa nzima, akalipa laki mbili na kumi elfu. Tulipoteza elfu tisini, ukijumlisha na adapta. Kijana alizifidia elfu sitini kwa kuchapa barua, na safari hii hatukuongeza kitu, bali tulikwenda naye dukani.

Dukani kuna mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyajua, hata kama hatokumbuka jina la kadi hata moja.

Watu hupima kadi kwa GB kama wanavyopima unga kwa kilo, na wauzaji wanalijua hilo. Ukubwa wa kumbukumbu hauelezi kasi yake. Kuna kadi iitwayo GT 1030, ndogo, ya wati 30, inayofaa kwa kazi nyepesi. Ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka uliofuata, yaani 2018, ikatoka nyingine kwa jina hilo hilo ikiwa na kumbukumbu ya DDR4, ambayo upitishaji wake wa data ni kama theluthi ya ile ya kwanza. GB mbili hapa, GB mbili pale, na kwenye mchezo tofauti yao inaonekana kwa macho. Maandishi madogo kwenye boksi ndiyo yanayosema ukweli.

Kuna kadi za kughushi kabisa. Huchukuliwa kadi ya zamani yenye thamani ya kutupwa, programu yake ya ndani ikabadilishwa, na kompyuta ikiwashwa inajitambulisha kuwa ni GTX 1050 Ti. Windows huamini. Ipo programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 imewezeshwa kuzitambua nyingi kati ya hizo na kuandika wazi neno la Kiingereza lenye maana ya bandia mbele ya jina. Kijana aliiweka kwenye flashi na kwenda nayo. Muuzaji wa kwanza alikataa kadi yake isijaribiwe, tukamuaga kwa salamu njema. Wa pili alituwashia mashine yake mwenyewe na kutuletea kiti.

La mwisho ni kipimo cha kasha. Lenu likiwa lile jembamba la kulala, kadi ya kimo cha kawaida haitaingia. Iko inayoitwa ya kimo cha chini, na hakikisheni kibati chake kifupi kimo ndani ya boksi. Nendeni na rula. Pimeni pia urefu, kutoka nyuma ya kasha hadi kizuizi cha kwanza.

Tulichukua GTX 1650 iliyotumika, ya GB 4, isiyo na soketi ya umeme ubavuni. Tunasisitiza hilo la soketi kwa sababu zipo 1650 zenye pini sita, na jina ni moja. Ya 1050 Ti ingekuwa rahisi zaidi, lakini NVIDIA walitangaza mwaka 2025 kwamba kizazi chake kinafikia ukomo wa draiva mpya za michezo mwezi Oktoba mwaka huo, kisha kitabaki na masasisho ya usalama tu. Mtengenezaji hupendekeza pawasaplai ya wati 300 kwa 1650, na ya kwetu ni 290. Tulirudi kwenye daftari: 84 na 75 ni 159, ongeza makisio yetu ya 40, ni kama 200. Tukaona nafasi ipo, kwa kuwa pendekezo la kiwandani hulenga hata mashine zenye mzigo mkubwa kuliko ya kwetu. Bei ilikuwa laki mbili na sabini, kamili kama alivyokuwa nayo mfukoni.

Kupachika ni dakika kumi. Tulichomoa waya wa ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia utoke, tukagusa bati la kasha kabla ya kugusa kadi, tukaisukuma ndani ya tundu hadi kile kilimi cha mwisho kilipolia. Tukawasha. Kioo kikabaki cheusi. Kijana alibadilika rangi, na hatukatai kwamba sisi pia tuliinusa hewa. Tatizo lilikuwa la kuchekesha: waya wa kioo tulikuwa tumeurudisha kwenye tundu lake la zamani la ubao mama, na kadi ikishapachikwa ndiyo inayotoa picha. Kisha tukagundua la pili, kwamba kioo chetu ni cha zamani chenye plagi ya VGA, na kadi za kizazi hiki zina matundu ya kidijitali tu. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kikatafutwa kwa jirani. Mama watoto alikishika na kukigeuzageuza. “Na hii nayo ni adapta?” Tulimweleza kwamba hiki kinabeba picha tu, hakilishi kadi. Alikubali, lakini alikaa karibu nusu saa ya kwanza.

Ramu ilikuwa GB 4, tukaongeza kijiti kingine cha GB 4 kutoka kwenye kompyuta mbovu ya ofisi ya rafiki yetu. Ndipo mechi ikaanza, ikaenda dakika zote tisini za mchezo bila kuzima. Michoro tumeipunguza kidogo; majani hayana umande kama ya kwa rafiki yake, na kijana anasema hilo halimsumbui. Kila robo saa alikuwa akiweka kiganja juu ya kasha kuhisi joto, bila kuambiwa na mtu.

Barua za majirani bado anazichapa asubuhi, kwa kuwa matokeo hayajatoka. Usiku wa kwanza alitulazimisha tushike padi ya pili. Tulifungwa mabao manne, moja tukijifunga wenyewe, na tungeendelea kufungwa kama yuniti za LUKU hazikuwa zimebaki tatu.